Siku Kumi na Tisa za Ukurasa Mtupu

Ila Umakant alizaliwa Mchafukoge, ghorofa ya pili, juu ya duka ambalo baba yake aliuza vipuri vya baiskeli mpaka vipuri vyenyewe vikaadimika nchini. Miaka ya ruksa ilipofika, na mtu mwenye uwezo akaruhusiwa kuagiza mali yake mwenyewe kutoka nje, mzee Umakant aliachana na baiskeli akaingia kwenye dawa. Akauza kwa jumla: vidonge, dawa za maji, marhamu, bandeji. Alipofariki, duka likabaki mikononi mwa watoto wake wawili. Alpesh, kaka mtu, ndiye aliyesafiri na kukaa na wateja wakubwa. Dada mtu, Ila, alibaki ndani na mzigo.

Hakuolewa. Ndugu walikwisha kuchoka kumuuliza. Alikuwa na miaka arobaini na minne, miwani iliyofungwa kamba shingoni, na tabia ya kusoma maandishi ya kila kasha kabla halijapangwa, hata kama makasha mia yamefanana. Wapagazi wa Kariakoo walimlalamikia kwamba anawachelewesha. Mzee Bushiri, mtunza stoo aliyeajiriwa enzi za baba yake, alikuwa akiwajibu, "Mwacheni asome. Humu tunaweka vitu vya kuingia matumboni mwa watu."

Dawa nyingi walizouza zilitoka katika kiwanda kimoja cha India. Kiwanda kile kilikuwa na tovuti yake, na ndani ya tovuti kulikuwa na ukurasa wa wasambazaji tu, unaofunguliwa kwa neno la siri. Hapo ndipo walipoandika matangazo: dawa fulani imebadilishwa chupa, nyingine imesitishwa, bechi fulani, mkupuo mmoja wa dawa, irudishwe. Kila Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi, Ila aliufungua ukurasa ule na kuusoma. Alifanya hivyo miaka saba mfululizo, kwa kompyuta ileile.

Oktoba mwaka 2010, umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaondoka na kompyuta ile. Ilitoa moshi kidogo, basi. Alpesh akanunua nyingine, mpya kabisa, nyembamba, yenye mfumo mpya ambao fundi wao, Seifu wa Mtaa wa Msimbazi, aliusifia sana alipokuja kuifunga Jumatatu ya tarehe kumi na nane.

"Hii sasa ndiyo mashine, dada Ila," Seifu alimwambia. "Virusi watakoma. Chochote kikikuomba ruhusa hapa juu, wewe kifunge tu. Usiruhusu kitu usichokijua."

Ila alishika maneno hayo.

Siku hiyohiyo aliufungua ukurasa wa kiwanda. Ukafunguka. Nembo ilikuwa imesogea upande na maandishi yamebanana, lakini ulikuwa ni wenyewe. Mahali pa matangazo palikuwa peupe. Ila akajua hakuna tangazo. Alhamisi palikuwa peupe. Jumatatu iliyofuata peupe, Alhamisi tena peupe. Akaendelea na kazi.

Siku zilezile walikuwa wakiuza mzigo uliotoka bandarini mwanzoni mwa mwezi, makasha arobaini ya dawa ya kikohozi ya watoto. Chupa ndogo za rangi ya kahawia, lebo ina picha ya dubu. Mvua za vuli zilianza kunukia na vifua vya watoto vikaanza kukoroma mjini kote. Dawa ikatoka haraka.

Alhamisi ya tarehe nne Novemba, kesho yake ikiwa Diwali, Ila alipigiwa simu na Mboni. Mboni alikuwa na duka la dawa Msimbazi, mwanamke wa makamo, mteja wao wa miaka mingi, asiyependa maneno mengi.

"Ila, hii dawa yenu ya dubu mbona inalaza watoto?"

"Inalaza vipi?"

"Inalaza. Kina mama wawili wamekuja kuniambia. Mtoto anapewa asubuhi, analala mpaka jioni. Anaamshwa, haamki vizuri."

"Dawa za kikohozi huwa zinaleta usingizi kidogo, Mboni."

"Usingizi ninaujua. Wewe niambie, huko kiwandani hawajasema kitu?"

Ila aligeuka akautazama ukurasa, ambao ulikuwa bado wazi mbele yake. Weupe ule ukamtazama.

"Nimeangalia asubuhi hii hii," alisema. "Hakuna kitu."

"Haya," alisema Mboni. "Ukisema wewe, mimi nimeridhika."

Duka lilifungwa siku tatu kwa sikukuu. Ila alipanga taa zake za udongo kwenye ngazi, akagawa pipi kwa majirani wa ghorofa zote, Waislamu na Wakristo, kama kawaida ya nyumba yao. Lakini kulikuwa na jambo limemkaa kichwani na hakulijua ni lipi. Sauti ya Mboni ilimrudia akiwa jikoni, ikamrudia akiwa hekaluni. Jumapili alipiga simu kiwandani. Ikaita mpaka ikakatika. Kule nako sikukuu. Wangefungua kazi baada ya siku nne.

Jumatatu aliketi mbele ya kompyuta, akaandika neno la siri, ukurasa ukaja, na pale mahali pa matangazo pakawa peupe kama siku zote. Ndipo alipolijua lile jambo.

Katika kompyuta ya zamani, siku ambazo hapakuwa na tangazo, ukurasa haukuwa mtupu. Uliandika. Kulikuwa na mstari mmoja mdogo wa kijivu uliosema kwamba kwa sasa hakuna tangazo lolote. Miaka saba aliuona mstari ule bila kuutia maanani. Na tangu mashine mpya iingie, hajauona hata mara moja.

Kwa hiyo weupe ule haukuwa jibu. Alikuwa akitazama ukuta na kudhani ni dirisha.

Alimpigia Seifu simu, na Seifu akaja kwa miguu kutoka Msimbazi, begi begani, akipenya kati ya mikokoteni.

"Shikamoo dada. Heri ya sikukuu."

"Marahaba, Seifu. Kaa hapa. Huu ukurasa unanificha kitu."

Seifu alicheka, kisha akamwona uso, akaacha. Ila alimweleza habari ya mstari wa kijivu, na simu ya Mboni. Seifu akavuta kiti.

"Umeme wenu unakatika saa ngapi leo?"

"Saa sita. Ng'ambo ya barabara umeshakatika tangu alfajiri. Nilitaka kukimbilia intaneti kafe pale, kuna kompyuta za zamani. Pamefungwa."

Ilikuwa saa nne kasoro robo. Mgao wa siku zile haukuwa na huruma. Ukikatika saa sita unarudi usiku.

Seifu alifungua kwanza tovuti nyingine tatu. Zote zikaja safi. "Mtandao hauna neno," alisema. Akafuta kumbukumbu zote za kurasa ambazo mashine ilikuwa imejiwekea, akauita ukurasa wa kiwanda upya. Peupe. Akasogeza uso karibu na kioo, akaonyesha kwa kidole alama ndogo mbavuni mwa anwani, picha ya karatasi iliyochanika.

"Unaona hii? Ukurasa wao ni wa kizamani. Umeandikwa kwa mashine za zamani, hii mpya inausoma kwa lugha nyingine. Nikibonyeza hapa, inajifanya ya zamani."

Akabonyeza. Ukurasa ukatetemeka, na mbele ya macho yao nembo ikarudi mahali pake, maandishi yakajipanga, rangi ya bluu ikatokea pembeni. Ila alivuta pumzi. Ulikuwa ukurasa wake, uleule wa miaka saba. Lakini pale katikati palikuwa bado peupe, na sasa vitu vingine vyote vikiwa vimekaa sawa, weupe ule ulionekana mkubwa zaidi.

"Kuna kitu kinazuiwa," Seifu alinong'ona, akiwa anaongea na mashine. Akapandisha macho juu kabisa ya ukurasa. Palikuwa na utepe mwembamba wa manjano, wa kutoonekana usipouangalia. "Dada, huu ulikuwa unauona?"

"Kila nikifungua. Nilikuwa naufunga."

"Kwa nini?"

"Uliniambia chochote kikiomba ruhusa nikifunge."

Seifu aliusoma utepe ule mara mbili. Ukurasa ulikuwa ukiomba kuendesha kiprogramu kidogo, na kiprogramu hicho ndicho kilichobeba matangazo. Mfumo wa zamani ulikiruhusu bila maneno. Mfumo mpya ulikuwa ukiomba ruhusa kila mara, na kila mara ukikataliwa.

Alikiruhusu. Kikajaribu kuwaka, kisha mashine ikaleta kisanduku: hakiendani na toleo hili.

"Hakiendani," Ila alirudia.

"Subiri."

Chini, barabarani, mpagazi alipiga ukelele wa kuomba njia. Feni ya dari ilipunguza mwendo, ikakaribia kusimama, ikazunguka tena. Umeme ulikuwa unayumba. Saa tano na nusu. Seifu alijaribu kuuweka ukurasa kwenye orodha ya kurasa zinazoaminiwa. Akashusha ulinzi. Akazima mashine na kuiwasha, wakasubiri iamke, huku Mzee Bushiri amesimama mlangoni ameshika kofia yake mkononi.

"Mjinga mimi," Seifu alisema ghafla. "Mashine hii ina brauza mbili. Moja ya aina mpya, nyingine wameiacha kwa ajili ya vitu vya zamani. Mimi nilikuwekea ile mpya tu hapa mezani."

Akaitafuta ndani ya orodha ya programu, akaipata, akaifungua. Neno la siri. Karatasi iliyochanika. Utepe wa manjano, akaruhusu. Katikati ya ukurasa kikatokea kiduara cha kijivu, kikazunguka, kikazunguka.

Kisha maandishi yakajaza nafasi yote.

Ila alivaa miwani. Tangazo la juu kabisa lilikuwa la tarehe ishirini Oktoba, kwa herufi nyekundu. Alilisoma kimya, halafu akalisoma kwa sauti kwa Kiswahili, polepole, ili Mzee Bushiri asikie. Dawa ya kikohozi ya watoto, namba ya bechi hii na hii. Kwa makosa, chupa zimejazwa dawa ya watu wazima, yenye nguvu mara nne. Kuuza kusimame mara moja. Mtoto akipewa anaweza kushindwa kupumua.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza, ingawa aliijua.

"Nane," alisema Seifu.

Mzee Bushiri alikuwa ameshageuka kwenda stoo. Alirudi anahema. "Namba ndiyo hiyohiyo, Bi Ila. Makasha yaliyobaki ni kumi na matatu."

Ila alimpigia Alpesh, aliyekuwa Mwanza kwa wakwe zake. Kaka yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yaliyobaki yafungie," alisema Alpesh. "Waliochukua waambie kuna marekebisho ya lebo, warudishe. Kingine usiseme. Kiwanda kikifunguliwa Alhamisi tutajua la kufanya."

"Bhai, watoto wanainywa leo."

"Ukienda serikalini watatufungia duka. Baba alijenga jina hili miaka kumi na minane."

"Nimekusikia," alisema Ila, akakata simu. Aliandika namba ya bechi kwenye karatasi mbili. Moja akampa Seifu, akamwomba aipeleke mbio kwenye ofisi ya serikali inayosimamia dawa, aseme imetoka kwa nani. Nyingine akaitia mfukoni. Mzee Bushiri akachukua orodha ya maduka ishirini na matatu, akakusanya wapagazi sita. Ila mwenyewe akatoka kwenda kwa Mboni. Alipofika kwenye ngazi, umeme ukakatika.

Kariakoo ilikuwa imejaa hadi pomoni. Alipita kati ya marobota ya mitumba na matenga ya nyanya, na kila mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni alimfanya ageuke kutazama kichwa cha mtoto, kama kimeinuka au kimelala.

Mboni alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa koti jeupe. Alimwona Ila anavyohema, akajua.

"Alhamisi nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema umeangalia."

"Niliangalia, Mboni. Sikuonyeshwa. Ni dawa ya wakubwa, imewekwa kwenye chupa za watoto. Iondoe yote."

Mboni hakugusa rafu. Alifungua pazia lililokuwa nyuma yake. Kwenye mkeka, chini ya meza ya kupimia vidonge, alilala mtoto wa kiume wa miaka miwili, mdomo wazi.

"Mjukuu wangu," alisema Mboni. "Alikuwa anakohoa. Nimempa mwenyewe jana, na leo asubuhi. Kwa sababu ulisema hakuna kitu."

Ila alipiga magoti. Kifua cha mtoto kilipanda, kikashuka, kikakaa kikipumzika muda mrefu mno kabla ya kupanda tena. Midomo ilikuwa imeanza kupauka. Mboni alimbeba, Ila akasimamisha bajaji kwa kujitupa mbele yake, na njia nzima mpaka hospitali wanawake wale wawili walihesabu pumzi kwa sauti, kwa zamu.

Mtoto yule alipona. Alilazwa siku mbili kwenye mashine ya hewa, akaamka akataka uji. Mboni alimtumia Ila ujumbe wa maneno mawili, "Amekula. Asante," na tangu siku hiyo hakununua tena dawa dukani kwao.

Ofisi ya serikali ilitangaza redioni jioni ya Jumatatu ileile. Wapagazi wa Mzee Bushiri walirudi na makasha, mengine yamefunguliwa, mengine nusu. Kufikia Jumatano walikuwa wamefikia makasha thelathini na nane. Mawili yalikosekana. Yalichukuliwa tarehe ishirini na tano Oktoba na muuguzi mmoja, Severine, kutoka zahanati ya kijiji ng'ambo ya mto Kilombero, aliyefika mjini mwenyewe na kuyabeba kwenye basi. Namba yake ya simu haikupatikana. Ila aliipiga mara arobaini, hamsini. Ijumaa alipanda basi yeye na Mzee Bushiri, wakamfuata.

Walifika siku ya pili, viatu vimejaa tope. Severine aliwapokea kwenye baraza ya zahanati, mwanamke mwembamba, mtulivu. Kule redio haikushika vizuri, na simu ilihitaji kupanda kilima. Ila alipotaja dawa, Severine hakushtuka. Aliingia ndani akatoka na kasha.

"Nimeifungia wiki moja sasa," alisema. "Niliitilia shaka. Kasha moja sijaligusa. La pili nimetoa chupa kumi na tisa."

"Watoto wakoje?"

"Wengine walilala tu wakaamka. Mama zao walifurahi, walisema dawa ya mjini inafanya kazi." Aliliweka kasha sakafuni. "Mmoja hakuamka. Agnesi. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tulisema ni homa ya mapafu."

Mzee Bushiri alivua kofia.

"Ninyi mlijua lini?" Severine aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Mimi nilijua Jumatatu hii. Kiwanda kiliandika tarehe ishirini ya mwezi uliopita. Tangazo lilikuwa mbele yangu siku kumi na tisa, kwenye kompyuta, na kompyuta haikulionyesha, na mimi sikuuliza kwa nini."

"Agnesi alikufa tarehe thelathini," alisema Severine.

Walikwenda kwa mama yake mchana ule, mwendo wa saa nzima kando ya mashamba ya mpunga. Ila alikuwa amejiandaa kwa vilio, hata kwa kupigwa. Alieleza yote kama alivyomweleza Severine, bila kupunguza. Mama alikuwa msichana tu, hakuzidi miaka ishirini. Alisikiliza ameangalia chini, akichora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Chupa nyingine ziko wapi?" aliuliza mwishowe.

Severine alijibu kwamba kumi na mbili zimerudi. Saba zilichukuliwa na watu wa vitongoji vya mbali, ambao mvua imewafungia njia.

"Basi nendeni mkazitafute," alisema yule mama, akainuka akaingia ndani.

Vijana wa baiskeli walitumwa. Ila alikaa siku nne kwenye baraza ile akiwasubiri, mvua ikinyesha, mto ukipanda. Chupa nne zilirudi, moja ikiwa imebaki robo, na mtoto aliyeinywa yu mzima. Tatu hazikurudi. Waliozichukua walikuwa wachungaji waliokuwa wanapita na ng'ombe. Wamehama, na daftari la zahanati liliandika majina yao ya kwanza tu.

Duka la Mchafukoge lilifungwa na serikali miezi mitano. Kiwanda kiliandika barua fupi, kwamba tangazo kiliweka kwa wakati na kulisoma ni kazi ya msambazaji. Alpesh hakumsemesha dada yake mpaka Pasaka, na alipomsemesha ilikuwa ni kumwambia kwamba duka litaendeshwa na mtu mwingine. Ila hakubisha. Sasa anafanya kazi katika chumba kimoja na Seifu, Mtaa wa Msimbazi. Maduka ya dawa yanamwita aje akae mbele ya kompyuta zao mpya na kuangalia kila ukurasa wanaoutegemea, kitu kimoja kimoja, akilinganisha na mashine ya zamani anayoibeba kwenye begi. Anachukua muda mrefu, na wateja wengine hukasirika.

Kila mwisho wa mwezi Severine hupanda kilima na kumpigia simu. Mara nyingi mvumo wa upepo hufika kwanza, kisha sauti.

"Wale wachungaji?" Ila huuliza.

"Bado," husema Severine.